Kazi Iingie kwa Mlango Mmoja

Mtumishi wa umma nchini Tanzania huingia kazini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri. Mkute getini akitoka, umuulize leo amefanya nini. Atakutajia watu kabla ya kazi: mkurugenzi aliyemwita mara mbili, mwenzake wa kitengo cha manunuzi aliyetaka takwimu za mwaka jana, mgeni kutoka wilayani, grupu la WhatsApp la idara lililokuwa likidai picha za semina. Taarifa ya robo mwaka aliyokusudia kuimaliza asubuhi imeishia aya ya pili. Amechoka kwelikweli, na uchovu huo ni halali yake, maana hakukaa bure hata kidogo. Ukimwita mvivu utakuwa umemwonea. Ukimwambia hajui kupanga muda utakuwa umemwonea vilevile.

Nalisisitiza hilo kwa sababu mashauri mengi kuhusu tija kazini humwangalia mtu mmoja mmoja: amka alfajiri, andika vipaumbele vitatu, zima simu, kataa yasiyokuhusu. Mashauri hayo yana nafasi yake, lakini yanamchukulia msomaji kana kwamba siku yake ni mali yake. Ofisa wa ngazi ya kati katika halmashauri, wizara, benki au shirika hana mamlaka hayo. Chumba ni cha watu wanne, simu yake ya mkononi ndiyo simu ya ofisi, na bosi akisema "njoo mara moja" hakuna jibu ila kuinuka. Katika miaka yote niliyofundisha uendeshaji wa ofisi nimefikia hukumu moja, na kila ofisi ninayoingia huizidishia nguvu: siku ya kazi huharibikia pale kazi inapoingilia. Kazi ikiwa na milango kumi ya kupenya hadi mezani, bidii ya mtu mmoja haiwezi kuiokoa siku yake, awe hodari namna gani.

Waliojenga masijala walilijua hilo. Vijana wengi wanaoajiriwa leo huiona masijala kama stoo ya makaratasi yenye vumbi na karani mzee mwenye miwani, na wengine hupitisha miaka kazini bila kukanyaga humo. Kwa hiyo niruhusiwe kueleza ilivyofanya kazi pale ilipoendeshwa sawasawa.

Barua ikifika, haikwenda kwa ofisa. Ilikwenda kwa karani, naye akaifungua, akaipiga mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha akaiandika katika rejesta ya barua zinazoingia: imetoka kwa nani, ina kumbukumbu namba gani, inahusu nini, inapelekwa kwa nani. Akaitafutia jalada la shauri lake, akaifunga humo na kuipa namba ya folio, ili iwe ya 37 baada ya 36 na mtu yeyote aone mara moja kama kuna iliyochomolewa. Ndipo jalada likaenda kwa ofisa, nalo lilimfikia likiwa limekamilika: barua mpya juu, historia nzima ya shauri chini yake, na nafasi ya kuandika dokezo. Ofisa akasoma, akaandika maoni au uamuzi, akaweka saini na tarehe, akalirudisha kwenye trei. Jalada likihama kutoka chumba kimoja hadi kingine, safari yake iliandikwa. Mwenye barua akija kuulizia, karani alimjibu kwa kufunua rejesta, bila kumwinua ofisa kwenye kiti chake.

Wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari huenda walikuwa wakiiwaza biashara, lakini maneno yao yanaifaa kazi ya ofisini kuliko hata duka. Dukani mali ikipotea rafu hubaki wazi na utaona. Ofisini ombi likipotea hakuna pengo linaloonekana. Litaonekana baada ya miezi mitatu, mwombaji anaporudi akiwa na nakala iliyokunjika na hasira iliyokomaa.

Kulikuwa na utaratibu mwingine mdogo ambao mimi nauthamini kuliko yote. Ofisa akiona shauri haliwezi kuendelea leo, kwa sababu wanasubiri jibu la wizara au msimu wa bajeti, aliandika kwenye dokezo tarehe ya kuletewa tena jalada hilo. Karani akaiingiza tarehe katika daftari la kukumbushia. Asubuhi ya siku hiyo, jalada lilikuwa mezani kwa ofisa kabla hajaketi. Kati ya tarehe hizo mbili hakuwa na haja ya kulikumbuka. Kichwa chake kilikuwa huru kwa mashauri mengine, kwa sababu kulikuwa na mtu na daftari waliokabidhiwa kazi ya kukumbuka.

Sisemi masijala zilikuwa pepo. Mwananchi aliyewahi kuambiwa "faili lako halionekani" anajua jinsi mlango mmoja unavyoweza kugeuzwa kizuizi, na jinsi aliyeushika anavyoweza kudai kitu ili aufungue. Majalada yalilala. Barua ya kurasa mbili ilichukua wiki kupanda ngazi tatu na wiki nyingine kuzishuka. Mfumo wa ofisi mtandao uliojengwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao umekusudiwa kuondoa ucheleweshaji wa aina hiyo kwa kulisafirisha jalada kwa kompyuta, na ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Ila yapo maofisi yaliyoweka mfumo huo na bado siku za watumishi wake zimevurugika kuliko zamani, kwa sababu kazi halisi haipiti humo. Inapita kwenye simu.

Tazama agizo la kawaida la leo. Mkuu wa idara yuko kwenye kikao Dodoma. Anaombwa takwimu. Anatuma ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa ofisa mmoja. Kwa kuhofia ofisa huyo hajausikia, anamtumia na mwingine. Dakika kumi baadaye anaandika kwenye grupu: "Wadau, takwimu zile tafadhali, haraka." Watu watatu sasa wameacha walichokuwa wakifanya, wawili wanatafuta takwimu zilezile kwenye kompyuta mbili tofauti, na wa tatu anauliza "zipi?" Takwimu zinatumwa, kikao kinaendelea, na kesho hakuna rekodi yoyote kwamba kazi hiyo iliombwa, nani aliifanya, au tarakimu zipi zilitolewa. Zikiombwa tena mwezi ujao, msako utaanza upya. Hapakuwa na rejesta wala folio, na hakuna tarehe iliyoandikwa popote. Katika lugha ya maofisini hizo ndizo kazi za zimamoto, na nyingi zake hazina moto ndani yake. Ni kazi za kawaida zilizoingia kwa mlango wa dharura.

Gharama yake imepimwa. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na ile kazi ya pili huifanya vibaya zaidi kwa sababu hiyo. Mwili umehama, akili imehama nusu. Mwaka mmoja kabla yake, Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, pamoja na wenzake wawili, walichapisha jaribio lililonishangaza zaidi. Waliwapa watu kazi ya kujibu barua pepe za ofisini, na baadhi yao wakawa wanakatizwa makusudi. Waliokatizwa walimaliza mapema kuliko wasiokatizwa, na ubora wa kazi haukupishana. Walikuwa wameongeza kasi ili kufidia. Lakini baada ya dakika 20 tu za kufanya kazi hivyo, walieleza kuwa na msongo mkubwa zaidi, kukereka zaidi, na kuhisi wanasukumwa na muda.

Matokeo hayo yanaeleza kitu ambacho wakuu wengi wa idara hawakioni. Mkuu anapima kama kazi imetoka, na kweli imetoka, tena haraka, kwa hiyo anahitimisha kwamba mtindo wake wa kuita na kutuma ovyo hauna madhara. Madhara yamelipwa na mtu mwingine, kwa mwili wake. Yanaonekana baadaye sana, kwenye ruhusa za ugonjwa, kwenye maneno makali dirishani saa 8 mchana, na kwenye ile hali ya mtumishi mzuri kuanza kufanya kile tu alichoagizwa, basi. Na tukumbuke kwamba kazi ya jaribio lile ilikuwa kujibu barua pepe. Kuandika sera, kukagua hesabu za miradi au kuchora ramani ya upimaji ni kazi zinazohitaji mtu abebe mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja, na akikatizwa huyaangusha yote.

Mark ameendelea kupima kwa miaka mingi muda ambao mtu huutumia kwenye skrini moja kabla ya kuhamia nyingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa kama dakika mbili na nusu. Katika vipimo vyake vya miaka ya karibuni umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Kuna jambo jingine katika tafiti zake ambalo halitajwi sana: karibu nusu ya mikatizo mtu hujikatiza mwenyewe, bila kuitwa na yeyote. Aliyezoeshwa kuitwa kila wakati huanza kujiita. Hufungua simu kuangalia kama ameitwa.

Sasa nirudi kwenye lile daftari la kukumbushia. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, waliwakumbusha watu malengo yao ambayo hawajayatimiza, kisha wakawapa kazi nyingine isiyohusiana, kama kusoma riwaya. Yale malengo yaliwaingilia, wakashindwa kutulia kwenye kazi waliyopewa. Kundi lingine liliruhusiwa kwanza kuandika mpango mahususi wa namna ya kuyatimiza malengo hayo. Usumbufu ukaisha, ingawa malengo yenyewe yalikuwa bado kutimizwa. Kilichoituliza akili ni uhakika kwamba jambo lina mahali pake na wakati wake. Karani wa masijala aliyeandika tarehe kwenye daftari lake alikuwa akiwapa maofisa utulivu huohuo kila siku.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu mmoja mmoja ni mdogo na wa kizamani: daftari moja. Nasema moja. Wengi wana shajara ya mezani, vikaratasi vya kubandika kwenye kompyuta, ujumbe waliojitumia wenyewe kwenye simu, na karatasi iliyokunjwa kwenye pochi. Mtu mwenye orodha nne hana orodha, kwa sababu bado anabeba kichwani kazi ya kukumbuka ipi iko wapi. Agizo lolote likija, kwa simu, kwa mdomo kwenye korido au kwa barua, liandikwe kwenye daftari hilo pamoja na aliyelitoa, lini, na lini linatakiwa. Lisilowezekana leo liandikiwe tarehe ya kulirudia. Inachukua nusu dakika. Nimeona makarani wa cheti cha miezi sita wakilifanya hili vizuri kuliko wakurugenzi, na siku zao zilikuwa na mpangilio ambao wakurugenzi wale waliutamani.

Makisio nayo yanatuangusha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada wangemaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikisia siku 33.9. Walipotakiwa kukisia kana kwamba kila kitu kingekwenda vibaya kabisa, walisema siku 48.6. Ilichukua siku 55.5. Hata makisio ya balaa yalikuwa na matumaini kupita ukweli. Dawa inayosaidia ni kuacha kujiuliza "itanichukua muda gani?" na kufungua daftari uone ya mwezi uliopita ilichukua muda gani. Mwenye kumbukumbu za siku zake hana haja ya kubahatisha. Na ukipanga saa 8 kwa kazi za saa 8 umeshachelewa kabla ya kuanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 kwa siku mapumziko ya angalau dakika 60, na watumishi wengi huzitumia dakika hizo kuziba mapengo ya mpango ambao haukuwahi kutosha. Chakula cha mchana kinaliwa mbele ya kompyuta, mkono mmoja kwenye kijiko na mwingine kwenye kipanya.

Halafu kuna viporo. Kila ofisi ina rundo lake, na kila mkuu mpya huanza kwa kuahidi kulimaliza. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni ya foleni ambayo kila mkuu wa kitengo angepaswa kuijua kwa moyo. Ukichukua idadi ya mashauri yaliyo mikononi mwako na kuyagawa kwa idadi unayoyamaliza kwa siku, unapata wastani wa siku ambazo shauri moja hukaa kwako. Meza yenye majalada 60 na ofisa anayemaliza 5 kwa siku humfanya kila mwombaji asubiri siku 12. Ukiongeza majalada yakafika 100, wataanza kusubiri siku 20, ingawa ofisa ni yuleyule na anafanya kazi kwa nguvu ileile. Kwa hiyo kupokea kila kitu na kuanza kila kitu, jambo ambalo machoni pa wengi linaonekana kama uchapakazi, ndilo linalowachelewesha watu wote kwa pamoja. Toyota, chini ya uongozi wa Taiichi Ohno, walijenga mfumo mzima wa kadi ili kituo kimoja kisitengeneze kitu kabla kituo kinachofuata hakijakihitaji. Ofisini hatuna vyuma vya kuhesabu, lakini ofisa anaweza kuweka majalada matatu tu juu ya meza na mengine yakabaki kwenye trei au masijala hadi moja litoke. Nimewahi kuwashauri watu jambo hili wakaogopa kwamba meza tupu itawafanya waonekane hawana kazi. Hofu hiyo ni ya kweli katika maofisi yetu, na ni mkuu peke yake anayeweza kuiondoa.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu wa namna hii unawafaa makarani, na kwamba wataalamu wenye weledi mkubwa hawahitaji rejesta na orodha. Jibu langu liko Ifakara. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali 8 katika miji 8 duniani zilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji iliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Miji hiyo ilikuwa Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle, na Ifakara katika bonde la Kilombero, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Orodha ilikuwa na vipengele 19, vikisomwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Vingi vilikuwa vya kawaida mno: huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Upasuaji ni wa upande upi? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa? Kila aliyemo chumbani amejitambulisha kwa jina na kazi yake? Kwa hospitali zote 8 zikijumlishwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Madaktari wale hawakufundishwa upasuaji mpya wala hawakuambiwa waongeze bidii. Kilichobadilika ni kwamba kusimama na kukagua kulifanywa sehemu ya kazi ya timu, na muuguzi akapewa haki ya kumuuliza daktari bingwa swali mbele ya watu. Jambo hili la mwisho ndilo ninaloomba lisomwe mara mbili na kila mwenye madaraka. Utaratibu mzuri humpa mdogo sauti pale ambapo adabu ya kawaida ingemnyamazisha.

Mbeya ilionyesha upande mwingine, wa vitu na mahali. Mwaka 2007, kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Japani, JICA, Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kutumia mfumo wa Kijapani wa S tano ambao ulikuwa umefanikiwa katika hospitali ya wanawake ya Castle Street huko Colombo, Sri Lanka. Wahudumu wa afya wa Tanzania wanazijua kwa majina yake: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Tenga kinachohitajika na kisichohitajika, kila kitu kipe mahali na lebo, weka safi, fanya utaratibu uwe mmoja kwa wote, kisha uudumishe. Baadaye mfumo huo ulienea kwenye hospitali nyingine nchini. Kwa ofisi, somo lake ni kuhusu muda unaopotea katika kutafuta. Tafuta leo kwenye kompyuta ya idara mfano wa barua ya kuomba kibali. Utakuta nakala saba zenye majina yanayofanana, moja ikiitwa "mwisho" na nyingine "mwisho kabisa". Asubuhi moja ya Sasambua kwenye makabrasha ya kompyuta, ikifuatiwa na utaratibu mmoja wa kuyaita mafaili kwa tarehe na shauri, hurudisha muda mwingi kuliko semina yoyote ya kujituma. Ngumu ni Shikilia. Wiki ya kwanza kila mtu hupanga, mwezi wa tatu lebo zinabanduka, na kama hakuna aliyekabidhiwa kwa jina kazi ya kukagua, rundo linarudi.

Nimesema mengi kuhusu mkuu, na hapa lazima nimkabili moja kwa moja, maana yeye ndiye mlango mkubwa kuliko yote. Zamani mlango huo ulilindwa na katibu muhtasi. Waliosoma uhazili Tabora walifundishwa hatimkato na kupiga chapa, lakini walifundishwa pia kutunza shajara ya miadi, kuchuja wageni, kujua lipi liende kwa mkuu sasa na lipi lingoje, na kupeleka maagizo ya mkuu kwa maofisa yakiwa yameandikwa na yana tarehe. Simu ya mkononi imewapita. Mgeni anampigia mkuu, mkuu anamtumia ofisa ujumbe, na katibu muhtasi aliyekaa mita tatu kutoka mlangoni hajui kinachoendelea. Tumempunguza mtaalamu wa kupanga siku ya ofisi nzima akawa wa kuandaa chai ya wageni. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara kubwa kuliko hasara yoyote iliyoletwa na intaneti, na inaweza kurekebishwa bila kununua kitu: mkuu aamue kwamba maagizo yake yote, hata ya WhatsApp, yanapitia kwa katibu muhtasi, anayeyaandika kwenye rejesta na kuyagawa.

Aamue pia saa za utulivu. Kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi pasiwe na vikao, pasiwe na kuita mtu, grupu lisitumiwe, isipokuwa kwa dharura zilizotajwa mapema kwa maandishi. Saa mbili kamili za namna hiyo zinatosha kuimaliza ile taarifa iliyokwama aya ya pili. Na anapotoa kazi mpya, amuulize ofisa ni ipi aiweke kando. Asipouliza, ofisa ana njia ya kumweleza bila kuvunja heshima: "Mkuu, nimeipokea. Kwa sasa namalizia taarifa ya robo mwaka unayoihitaji Ijumaa; unapenda nianze na ipi?" Maneno hayo hayakatai kazi. Yanamrudishia mwenye madaraka uamuzi ambao ni wake, badala ya ofisa kuubeba kimyakimya na kulaumiwa siku ya Ijumaa.

Imebaki meza ya dirishani, ambayo haiingii katika mengi ya haya. Kwa mpokezi wa hospitali, ofisa ardhi anayepokea wananchi, au anayetoa vyeti vya kuzaliwa, anayekatiza ndiye mwenye kazi. Kumfukuza mwananchi ili umalize taarifa ni kuikimbia kazi yenyewe. Anayeumia zaidi ni yule aliyepewa vyote viwili kwa wakati mmoja, ahudumie dirishani na aandike taarifa, kwa hiyo kila mwananchi anaonekana machoni pake kama usumbufu, na mwananchi anauona uso huo. Vituo vya Huduma Centre nchini Kenya, vilivyoanza mwaka 2013, vimewaweka dirishani watu ambao kwa saa hizo kuhudumia ndiyo kazi yao, na foleni inakwenda kwa namba. Ofisi ndogo yenye watumishi wawili inaweza kufanya vivyo hivyo: mmoja akae mbele hadi saa 5:30, mwingine nyuma na majalada, kisha wabadilishane. Kama ni mtumishi mmoja tu, dirisha liwe wazi saa 2 hadi saa 7 mchana na kazi za ndani zifanyike baada ya hapo, na saa hizo zibandikwe mlangoni kwa maandishi makubwa. Zipelekwe pia kwa watendaji wa kata na vijiji wazitangaze kwenye mikutano yao, maana anayetoka kijijini hulipa nauli alfajiri, kabla hajauona mlango huo.